Nambari Tasa 2,147,483,647: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanyika taratibu. Mengi yametoka kwa vijana ninaokutana nao kila Jumamosi asubuhi hapa Kisumu kufanya hesabu, mengine kwa wazazi wao, na machache kwa fundi wa kompyuta wa Nakuru aliyenipigia simu usiku akiwa amekata tamaa. Nambari inayoulizwa ni ile ile moja. Naipenda nambari hii, na nimejibu kila swali jinsi ninavyolijibu mbele ya ubao, hesabu zikiwa wazi ili nawe uzikague.

Nambari ziko nyingi. Kwa nini hii?

Kwa sababu ilinijia yenyewe. Chama kimoja cha akiba mjini Nakuru kilikuwa kimehamisha orodha ya wanachama kutoka daftari hadi kompyuta. Nambari za simu ziliingizwa kwa mtindo wa nyumbani, zile za 07, na mambo yakaenda vizuri. Baadaye ikaamuliwa ziandikwe kwa mtindo wa 254. Zikabadilishwa usiku. Asubuhi mwanachama wa kwanza akawa na simu 2147483647. Wa pili, 2147483647. Mama wa mboga, dereva wa matatu, mweka hazina mwenyewe: wote simu moja.

Chanzo kilikuwa hiki. Ile programu ilikuwa imetenga biti 32 (biti ni nafasi ndogo ya kumbukumbu inayobeba 0 au 1) kwa kila nambari ya simu, na biti moja kati ya hizo huonyesha kama nambari ni chanya au hasi. Zinabaki 31, na nambari kubwa kuliko zote inayoenea katika biti 31 ni 2,147,483,647. Simu ya 07 ikisomwa kama hesabu ni milioni mia saba na ushei tu, inaenea. Ukiitanguliza 254 inakuwa zaidi ya bilioni mia mbili hamsini na nne, haienei hata kidogo. Badala ya kukataa, programu ilikata kila simu hadi kilele chake.

Dawa ni rahisi: nambari ya simu ihifadhiwe kama maandishi, kwa sababu hakuna anayejumlisha simu. Fundi alishukuru akaenda kulala. Mimi nilibaki na kalamu. Niliigawanya ile nambari kwa 3 ikabaki 1. Kwa 7, ikabaki 1. Kwa 11, kwa 13, haikukubali. Kufikia alfajiri nilikuwa nimejaza kurasa nne na haijakubali kugawanyika hata mara moja.

Nambari tasa ni nini hasa?

Ni nambari kubwa kuliko 1 isiyogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa yenyewe. Shuleni wengi wameizoea kama praimu.

Nenda kwa muuza mayai. Treyi ina mayai 30, safu tano za mayai sita sita. Unaweza pia kuyapanga safu tatu za kumi kumi, au mbili za kumi na tano. Sasa ongeza yai moja. Jaribu kuyapanga mayai 31 katika safu zilizo sawa. Utahangaika mpaka muuzaji akufukuze, kwa sababu njia ni moja tu: yote 31 katika mstari mmoja. Thelathini na moja ni tasa. Likumbuke hilo yai la 31, tutalihitaji.

Je, 1 ni tasa?

La. Ingekuwa tasa, kila nambari ingevunjwa kwa njia zisizo na idadi (6 ni 2 × 3, ni 1 × 2 × 3, ni 1 × 1 × 2 × 3…), na utaratibu wote ungeharibika.

Kwa nini ziliitwa tasa?

Tasa ni asiyezaa. Waliochagua neno hili waliona nambari isiyotoa vigawo. Nalikubali neno kwa kuwa limeshazoeleka, lakini nadhani linazionea nambari hizi. Kila nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama ni zao la tasa zilizozidishwa pamoja, tena kwa njia moja tu. Hizi zinazoitwa tasa ndizo mama wa nyingine zote.

2,147,483,647 ina uhusiano gani na lile yai la 31?

Nambari yetu ni 2^31 − 1, yaani mbili kwa kipeo cha 31, kisha utoe moja.

Hapa kwetu tunalionyesha kwa ajua. Bao la ajua tulilonalo lina mashimo 16, safu mbili za manane manane. Weka mabao mawili kando kwa kando upate mashimo 32, kisha funika shimo moja. Yamebaki 31. Tia harage 1 katika shimo la kwanza, 2 katika la pili, 4 katika la tatu, 8 katika la nne, ukizidi kurudufu. Bila shaka hutamaliza. Ila ungemaliza, jumla ya maharage yote ingekuwa 2,147,483,647 kamili, bila kuzidi wala kupungua.

Tuseme kila harage lina uzito wa nusu gramu. Ungehitaji zaidi ya magunia 11,900 ya kilo tisini tisini. Na shimo la mwisho peke yake lingekuwa na maharage 1,073,741,824, moja zaidi ya yale ya mashimo 30 yote yaliyotangulia. Kijana mmoja aliposikia hivyo aliinuka akaenda kulitazama lile shimo la mwisho, kana kwamba litakuwa na kina zaidi.

Basi kila 2^n − 1 ni tasa?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwanza n yenyewe lazima iwe tasa. Chukua 15, ambayo ni 3 × 5. Nambari 2^15 − 1 ni 32,767, nayo inagawanyika kwa 2^3 − 1, yaani 7, na kwa 2^5 − 1, yaani 31. Kipeo kikivunjika, nambari nayo huvunjika.

Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, ila 2^11 − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89. Kwa hiyo kila kipeo hukaguliwa peke yake.

Nambari tasa za aina hii huitwa tasa za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo alivyoamini vinaleta tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alikosea kwa 67 na 257, akaziruka 61, 89 na 107. Simlaumu. Nambari 2^67 − 1 ilisubiri hadi mwaka 1903 ndipo Frank Nelson Cole, Mmarekani, akaonyesha vigawo vyake: 193,707,721 na 761,838,257,287. Kuhusu 31 Mersenne alipatia, ingawa hakuacha uthibitisho.

Nani alithibitisha?

Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel nchini Uswisi, akiwa St. Petersburg. Alieleza matokeo yake mwaka 1772 katika barua kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli. Wakati huo Euler alikuwa amekaribia kupofuka kabisa. Mimi huwaambia vijana wafumbe macho na wajaribu kugawanya nambari ya tarakimu nne kichwani, dakika moja tu, kabla ya kuendelea na somo.

Hii ni tasa ya nane ya Mersenne, na kwa zaidi ya karne nzima hakuna aliyeonyesha tasa ya Mersenne kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu nambari kamilifu inayozaliwa nayo (swali lake liko chini) kwamba haitapatikana kubwa zaidi milele, maana hakuna atakayejisumbua kulitafuta jambo lisilo na matumizi. Kufikia mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alikuwa ameshafika kwenye 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, kwa mkono.

Mtu anaweza kuthibitisha mwenyewe, bila kompyuta?

Ndiyo. Sisi tulifanya, na ndilo jibu ninalotaka ulisome polepole kuliko yote.

Njia ya nguvu ni kugawanya kwa kila nambari. Si lazima ufike mbali: ikiwa nambari ina vigawo viwili, mmoja wao hauzidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na sehemu. Hata hivyo migawanyo elfu arobaini na sita ni mingi. Ukitumia witiri peke yake inabaki elfu ishirini na tatu. Bado mingi.

Sasa fikiria matatu ya mzunguko. Imetoka steji, inapita vituo, inarudi steji. Chukua nambari tasa yoyote ya witiri, tuiite q, na uandike 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila mara ukigawanya kwa q na kubaki na baki tu. Mabaki hayo ni vituo, na steji ni 1. Pierre de Fermat aligundua kwamba ukihesabu hatua q − 1 lazima uwe steji. Pengine umeshapita hapo mara kadhaa katikati, lakini kwenye hatua ya q − 1 upo.

Ikiwa q ni kigawo cha 2^31 − 1, basi 2^31 ikigawanywa kwa q inabaki 1. Kwa hiyo uko steji pia kwenye hatua ya 31. Mzunguko wenyewe, basi, una hatua 31 au idadi inayogawanya 31. Na 31 ni tasa! Haigawanyiki ila kwa 1, na mzunguko wa hatua 1 hauwezekani, kwa sababu 2 si 1. Basi mzunguko una hatua 31 kamili, na lazima uingie sawasawa ndani ya q − 1. Yaani q − 1 ni kigawe cha 31, na kwa kuwa q ni witiri, ni kigawe cha 62.

Tazama lilivyotokea. Hatujagawanya chochote, na tayari kigawo chochote kilicho tasa lazima kiwe cha namna 62k + 1. Kutoka elfu ishirini na tatu tumeshuka hadi 747.

Kuna sheria ya pili ambayo sitaithibitisha hapa: tasa inayogawanya nambari ya namna hii, ikigawanywa kwa 8, hubakisha 1 au 7. Ukiziunganisha sheria hizi mbili, unabaki na nambari za namna 248k + 1 au 248k + 63 peke yake. Ukitaka kujiridhisha kwanza, rudi kwenye 2,047 ambapo kipeo ni 11: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 4 × 22 + 1. Ukizigawanya kwa 8, ya kwanza inabakisha 7 na ya pili 1. Zote zimetii.

Hesabu sasa ni ngapi zisizozidi 46,340. Ukiitupa 63 yenyewe, ambayo si tasa, zinabaki 372.

Siku hiyo vijana walikuwa kumi na wawili. 372 kwa 12 ni 31. Nilipoandika jibu hilo ubaoni palitulia kwanza, kisha wakapiga makofi, maana 31 ilikuwa imerudi bila kuitwa. Tungeweza kuziondoa zisizo tasa na kubaki na kazi ndogo zaidi (249, kwa mfano, ni 3 × 83, na 497 ni 7 × 71), lakini walitaka kila mmoja apate 31 zake kamili. Kikokotoo kilipigwa marufuku. Kazi ilichukua Jumamosi mbili.

Huu hapa mmoja wa migawanyo, kwa 311, ambayo ndiyo tasa ya kwanza katika orodha. 2147 kwa 311 ni 6, inabaki 281. Shusha 4: 2814, ni 9, inabaki 15. Shusha 8: 158, ni 0. Shusha 3: 1583, ni 5, inabaki 28. Shusha 6: 286, ni 0. Shusha 4: 2864, ni 9, inabaki 65. Shusha 7: 657, ni 2, inabaki 35. Jibu ni 6,905,092 na baki 35. Kwa hiyo 311 imeshindwa.

Jumamosi ya pili, saa tano kasoro, binti mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akasema, “Mwalimu, yangu imekubali. Baki ni sifuri.” Ukumbi wote ukageuka. Ingekuwa kweli, Euler angekuwa amekosea kwa zaidi ya miaka 250. Tukamkagua kwa kutupa tisa: unajumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Za nambari yetu ni 2 + 1 + 4 + 7 + 4 + 8 + 3 + 6 + 4 + 7, yaani 46, kisha 10, kisha 1. Kigawo chake kikizidishwa kwa jibu lake kilipaswa kutoa 1 pia. Kilitoa 5. Tukarudi mstari kwa mstari hadi hatua ya tatu, ambapo alikuwa amekosea kutoa. Alirudia yote kwa karatasi mpya, baki likatoka, akaandika jibu kwa kalamu nyekundu. Nilimweleza, na naendelea kuamini, kwamba dakika zile kumi alizokuwa na sifuri mkononi alikuwa akifanya hisabati kuliko sisi wote.

Kuna njia fupi zaidi?

Ipo, na ni nzuri mno. Ilianzishwa na Lucas, kisha Mmarekani Derrick Henry Lehmer akainyoosha katika miaka ya 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoijaribu na ubaki na baki. Rudia. Kipeo kikiwa p, fanya hivyo mara p − 2. Ukiishia na sifuri, nambari ni tasa. Usipopata sifuri, si tasa.

Tujaribu 127, ambayo ni 2^7 − 1, kwa hatua tano. 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, ukitoa 127 inabaki 67. 67 inatoa 4,487, inabaki 42. 42 inatoa 1,762, inabaki 111. 111 inatoa 12,319, ambayo ni 127 × 97 kamili. Sifuri. 127 ni tasa.

Kwa nambari yetu hatua ni 29 peke yake. Kila hatua inazidisha nambari ya tarakimu kumi kwa yenyewe, kwa hiyo si kazi ya mchana mmoja, lakini 29 si 372.

Je, ndiyo tasa kubwa kuliko zote?

Hakuna kubwa kuliko zote. Euclid alilionyesha hilo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita: zizidishe tasa zote unazozijua, ongeza 1, na unachopata hakigawanyiki kwa hata moja kati yao, kwa hiyo ipo ambayo hukuwa nayo.

Kubwa inayojulikana, hadi ninapoandika, ni 2^136,279,841 − 1. Ilitangazwa Oktoba 2024, ikapatikana na Luke Durant kupitia GIMPS, mradi ulioanza mwaka 1996 wa watu wanaochanga nguvu za kompyuta zao kutafuta tasa za Mersenne. Ina tarakimu 41,024,320. Yetu ina kumi. Lakini zote mbili ni za ukoo mmoja, na kinachozikagua ni njia ile ile ya Lucas.

Nambari kamilifu ni ipi, na inahusikaje?

Nambari kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Kila tasa ya Mersenne huzaa moja: unaizidisha kwa kipeo cha 2 kilicho hatua moja chini. Yetu inazaa 2^30 × (2^31 − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128, nambari kamilifu ya nane. Hiyo ndiyo aliyoiandika Barlow. Na wanaiita tasa!

Kilele cha kompyuta kuwa nambari tasa, ni bahati tu?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Waliobuni kompyuta walirudufu biti: 8, 16, 32, 64. Ukitoa moja kwa ajili ya alama ya chanya au hasi, vilele vinakuwa 2^7 − 1, 2^15 − 1, 2^31 − 1 na 2^63 − 1. Vipeo 7 na 31 ni tasa, na vyote viwili vikaleta tasa. Vipeo 15 na 63 si tasa, kwa hiyo nambari zake zinavunjika kwa lazima: zote mbili zinagawanyika kwa 7. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Nasikia kutakuwa na shida ya kompyuta mwaka 2038. Inatokana na nambari hii?

Ndiyo. Mifumo mingi ya zamani huhesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na huhifadhi hesabu hiyo katika biti 32. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku chache. Zitajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi, vijana wakijiandaa kwenda shule.

Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaruka hadi −2,147,483,648 na kudhani ni tarehe 13 Desemba 1901. Kwa mtu wa Kisumu tarehe hiyo ina mguso wake: ni Desemba hiyo hiyo ya 1901 reli kutoka Mombasa ilipofika Port Florence, ambayo ndiyo Kisumu ya leo. Simu na kompyuta za sasa huhesabu kwa biti 64, kwa hiyo usiogope. Wasiwasi wangu uko kwenye mitambo iliyofungwa miaka mingi iliyopita na ambayo hakuna anayekumbuka iko wapi.

Je, inalinda pesa zangu kwenye simu au benki?

Hapana, ni ndogo mno. Tasa zinazotumika kufunga siri kwa njia ya RSA huwa na tarakimu zaidi ya 300 kila moja. Yenye tarakimu kumi ingevunjwa papo hapo.

Basi ina kazi gani?

Ina moja ninayoipenda: kutoa nambari za kubahatisha. Anza na nambari yoyote kutoka 1 hadi 2,147,483,646. Izidishe kwa 16,807 (ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5), gawanya kwa nambari yetu, chukua baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, kisha 984,943,658. Zinarukaruka kama hazina mpango. Lakini kwa kuwa nambari ni tasa, na kwa kuwa 16,807 ilichaguliwa vizuri, safari hii itapita kila nambari kutoka 1 hadi 2,147,483,646 mara moja moja kabla ya kurudi nyumbani. Hakuna inayorukwa, hakuna inayorudiwa. Kama nambari isingekuwa tasa, safari isingeweza kuzipitia zote.

Wataalamu wa kompyuta Park na Miller waliipendekeza njia hii mwaka 1988 kama kipimo cha chini ambacho programu yoyote isipungukiwe, na wakaacha njia ya kujikagua: ukianza na 1, baada ya hatua 10,000 lazima ufike 1,043,618,065. Vijana wangu wawili waliandika programu yao wenyewe wakaifikia. Tuliitumia kupanga zamu za kupokea pesa katika chama cha wazazi, kila mtu akiona hesabu, na hakuna aliyesema amepunjwa. Kwa siri usiitumie, kwa maana anayejua nambari moja anajua zote zinazofuata.

Majirani zake ni akina nani?

Tasa iliyo nyuma yake ni 2,147,483,629, na inayofuata ni 2,147,483,659. Haina pacha: ukitoa 2 unapata nambari inayoishia na 5, ukiongeza 2 unapata inayogawanyika kwa 3. Ukizihesabu tasa zote kuanzia 2, hii ni ya 105,097,565. Maana yake, hadi hapo, karibu nambari moja kati ya kila ishirini ni tasa.

5 ni tasa, 2^5 − 1 ni 31, 2^31 − 1 ni yetu. Tukipanda tena?

Swali hili liliulizwa na kijana wa miaka kumi na tatu, na sikuwa na jibu siku hiyo. Ukianza na 2, ngazi ni 3, kisha 7, kisha 127, kisha 2^127 − 1, ile ya Lucas, na zote ni tasa. Ukianza na 5 unapata 31, kisha nambari yetu. Ngazi inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, utoe moja: nambari yenye tarakimu zaidi ya milioni 646.

Si tasa. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Na hata hapo sheria ya matatu ya mzunguko inafanya kazi: toa 1 kwenye kigawo hicho, gawanya kwa mara mbili ya 2,147,483,647, utapata 68,745 kamili. Nilimpa kijana hesabu hiyo aifanye nyumbani. Alirudi na karatasi mbili zilizojaa pande zote, na 68,745 imezungushiwa duara.

Mimi niko Nakuru, siwezi kufika Kisumu. Naanzia wapi?

Chukua karatasi ya mraba, andika 248k + 1 upande mmoja na 248k + 63 upande mwingine, k ikianzia 1. Futa zisizo tasa. Utaona 311 inasimama peke yake kwa muda mrefu. 249, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241 zote zinaanguka. Anayemfuata ni 1,303. Gawanya 2,147,483,647 kwa 1,303, kwa mkono, na ukague kwa kutupa tisa. Baki lako liwe 226.